Wifi Atanisemea

Wifi yangu si wifi yangu. Tulipoajiriwa pamoja kwenye taasisi, nilimpenda kwa utulivu wake nikaamua kumwozesha kwa kaka yangu. Nikawaalika wote wawili nyumbani kwa chakula cha mchana. Kaka, ambaye hajawahi kupungukiwa maneno mbele ya mwanamke, akamuuliza anaionaje sura yake. Mgeni akamtazama vizuri, upande huu na upande ule, akasema, "Masikio yako hayalingani, lakini si kwa kiasi cha kukusumbua." Kaka alimaliza chakula chake kimya na hakurudi tena. Ndoa ilifia pale mezani, jina la wifi likabaki, na mimi na yeye tumetaniana kama mawifi halali mpaka leo.

Nimeanza na masikio ya kaka ili ujue ni mtu wa namna gani alisimama kunisemea siku ambayo maisha yangu yote ya kazi yalikuwa mezani.

Taasisi yetu ni ya utafiti wa mbegu, na kwetu mtu anayetaka kupandishwa cheo hajisemei. Waasisi wake, Mungu awarehemu waliotangulia, walichoshwa na majigambo wakaweka utaratibu: mgombea anakaa kwenye kiti mbele ya kamati, kimya kama maji ya mtungini, na mwenzake wa kazi ndiye anayesimama kueleza amefanya nini. Mwisho Mwenyekiti anamuuliza mgombea swali moja tu, kama anapinga lolote lililosemwa. Akijibu sipingi, kamati inaamua. Akijibu napinga, kikao kinavunjwa, na mgombea anasubiri mwaka mwingine atafute msemaji mwingine.

Ni utaratibu mzuri ukiusoma. Shida ni kwamba msemaji hauzwi dukani. Wanaume wa taasisi wana wasemaji mpaka wa akiba. Jioni wanacheza mpira pamoja, wanapeana lifti, wanakunywa chai pamoja mpaka wanajuana majina ya mashemeji, na mmoja akiinuka kumsemea mwenzake utadhani anamnadi bwana harusi kwa wakwe. Sisi wanawake jioni tunawakimbilia watoto, na wakubwa hawatujui zaidi ya shikamoo na marahaba. Ukiingia ukumbi wa mikutano utaona picha za Watafiti Wakuu ukutani, na kila picha ina ndevu au dalili ya ndevu.

Mwaka ule ilikuwa lazima nipande. Idara yetu ya maharage haikuwa na Mtafiti Mkuu tangu aliyekuwepo alipostaafu, na uongozi ulishatamka kwamba ikiendelea hivyo itamezwa na idara ya mahindi. Kumezwa maana yake nyumba yetu ya vioo, tunamooteshea mimea, ingekuwa ya wenye mahindi, na wale mabinti watafiti niliowapokea wakitetemeka siku yao ya kwanza wangegawanywa kama vifaranga sokoni, huyu kwa bwana yule, yule kwa bwana huyu. Nilishaomba cheo hicho mara moja nikakosa. Sababu waliyonipa ilikuwa kwamba makala zangu za kisayansi ni chache. Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli.

Safari hii nilijipanga. Mkuu wa maabara ya udongo, mzee ambaye tunamwita Asali kwa sababu ya ulimi wake, alikubali kunisemea. Asali akikisifu kijiko utakitafuta ukinunue. Nikalala usingizi mzito. Halafu, kikao kikiwa kimekaribia, akanipigia kuniambia amealikwa safari ya mbali pamoja na Mkurugenzi, na safari ya wakubwa haikataliwi, mwanangu, unajua mwenyewe. Nilijua. Nikaanza kubisha milango. Kila mlango ulikuwa na tabasamu na udhuru wake, mpaka nikabaki na mlango mmoja ambao sikutaka kuubisha, kwa kuwa ulikuwa wazi siku zote. Ni mlango wa chumba tunachokaa pamoja, na nyuma ya meza alikaa wifi.

Wifi ni mtaalamu wa magonjwa ya mimea, na hakuna mtu mkweli kama yeye pale. Wenzetu wanamwita Mizani. Anapima majani, anapima maneno, anapima hata chai kabla ya kuimeza. Amekula maharage yangu miaka nenda rudi na sifa aliyowahi kunipa ni kwamba chumvi ipo. Nilipojifungua kifungua mimba wangu alikuja hospitali, akamkagua mtoto vidole vyote, akasema amekamilika. Mama yangu alitaka kumfukuza. Mimi nilijua hiyo ndiyo pongezi, na kwamba zaidi ya hapo sitapata.

Nilipomwomba anisemee alikubali bila kuinua macho. "Nitaandaa," alisema.

Jumamosi alikuja nyumbani kunisomea alichoandaa. Mume wangu ni fundi wa majokofu, na alikuwa barazani amelifungua la jirani, vyuma vimetapakaa sakafuni. Wifi alisimama katikati ya sebule kama yuko mahakamani, akaanza. Mgombea amezalisha aina mpya za maharage yanayostahimili ukame. Wakulima wamezipokea isipokuwa moja, kwa sababu inachelewa kuiva jikoni.

Mume wangu akadakia kutoka barazani kwamba hilo ni kweli, ilijaribiwa kwetu hapa na gesi ikaisha.

Nikavumilia. Hotuba ilikuwa kavu kama mkate wa juzi, lakini haikuwa na ubaya, na kazi zangu zote zilikuwemo, hata zile nilizokuwa nimezisahau mimi mwenyewe. Nikaanza kumwonea fahari. Ndipo akageuza ukurasa, akakohoa kidogo, akasoma kichwa cha habari: Mapungufu. La kwanza, mgombea ana hasira.

"Nani ana hasira?" nilipayuka, na barazani spana ikaanguka.

Alinieleza kwa upole kwamba kila ripoti ya kisayansi ina sehemu ya mapungufu, na isiyo nayo haiaminiki. Nikamwambia mimi si ripoti. Nikamwambia wasemaji wote duniani wanasifu, na Asali angekuwa amenifikisha mbinguni muda huu. Akasema Asali hajawahi kuingia nyumba yetu ya vioo. Nikamuuliza la pili ni lipi, akataka kusoma, nami kwa kuliona tu neno makala pale kwenye karatasi nikamkatiza. Nilikuwa nimelificha donda lile kwa uangalifu, na huyu anataka kulifunua mbele za watu.

"Sikiliza," nilimwambia. "Ukitamka hata pungufu moja mbele ya wale watu, nitasema napinga. Na wifi sikuiti tena."

Alikunja karatasi yake polepole. Alisema ataiondoa sehemu ile. Akamaliza chai, akaaga, akasahau mwavuli wake mlangoni, yeye ambaye hasahau kitu. Nilisimama nao mkononi nikimwangalia anavyoishia mwisho wa barabara, na roho ikanisuta.

Mume wangu aliingia akifuta grisi mikononi. Aliniambia nimemwomba mizani anisifu wakati kazi ya mizani ni kupima, na kama najua nina uzito, naogopa nini. Nilimwambia arudi kwenye jokofu lake.

Siku ya kikao nilivaa gauni la kijani na hereni ndogo, nikakaa kwenye kiti cha mgombea, zile ndevu zote za ukutani zikinitazama. Wanakamati walikuwa wameketi upande wa pili wa meza ndefu. Feni la dari lilikuwa linalalamika kila likizunguka. Kwa mtu kama mimi, kukaa kimya huku watu wananijadili ni kazi ngumu kuliko uchungu wa kuzaa, kwa sababu kule angalau unaruhusiwa kupiga kelele.

Wifi aliingia amevaa viatu vipya vilivyombana. Nilijua kwa jinsi alivyotembea. Karatasi ilimponyoka mlangoni, akaiokota. Hii ni mikono inayokata shina la mche kwa wembe bila kuyumba hata unywele. Nilitaka kumwambia kaa chini, wifi, basi, twende nyumbani. Sikuruhusiwa.

Alisoma kama alivyosoma sebuleni. Mzee mmoja upande wa dirisha alikuwa anachezea simu. Mwingine alikuwa ameshaanza kusinzia. Akayasoma mafanikio yangu mpaka la mwisho, na mimi nikashusha pumzi, maana baada ya hapo lilibaki neno la kushukuru tu.

"Mapungufu," alisema wifi.

Nilimwona anashtuka mwenyewe. Aliitazama karatasi, na pale kwenye karatasi, niliona baadaye, kulikuwa hakuna kitu. Alikuwa amefuta kama alivyoahidi. Kama neno liliponyoka kwa mazoea ya miaka yote ya kuandika ripoti, au vinginevyo, sikuwa na muda wa kuwaza. Yule wa simu aliinua kichwa. Mwenyekiti alikaa vizuri. Mtu mwingine yeyote angesema mapungufu hakuna, ahsanteni, akaketi. Lakini wifi hawezi kusema uongo hata wa kuokoa maisha. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Aliiweka karatasi mezani, akaendelea bila karatasi, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

Alisema mgombea ana hasira. Aliwahi kumtoa mtu nje ya chumba baridi cha kuhifadhia mbegu kwa kuwa alisimama mlangoni kuongea na simu, mlango wazi, baridi yote inatoka. Mtu huyo alikuwa Mwenyekiti.

Kicheko kilizunguka meza. Mwenyekiti akaangalia kalamu yake.

"Mbegu zilipona," wifi aliongeza, maana haachi matokeo nje. Kisha akavuta pumzi. "Pungufu la pili ni kubwa. Makala zake ni chache."

Usingizi wote wa chumba kile uliisha. Nilishika mikono ya kiti. Neno napinga lilikuwa limeshafika kooni, na nilikuwa nalishikilia hapo kama mtu anayeshikilia mlango usifunguliwe na upepo.

"Pungufu lisilotafutiwa sababu ni uvivu wa mtafiti," alisema, "kwa hiyo nilitafuta. Wengi wenu mnafanya kazi na mahindi na udongo, naomba niwaeleze ua la harage. Ukitaka kuchanganya mbegu mbili, unaliwahi ua asubuhi na mapema kabla halijafunguka. Unalifungua kwa kibano, unapaka chavua ya mmea mwingine, unafunga uzi kama alama. Ukichelewa siku hiyo limeshajichavusha lenyewe, na msimu umepotea. Ua halijui likizo ya uzazi. Halijui kwamba mtoto ameamka na homa. Kwenye idara yetu, kila mwanamke aliyekwenda kujifungua alirudi akakuta maua yake yamechavushwa na majaribio yake yako hai. Hakuna aliyeambiwa nani kafanya. Lakini uzi ulikuwa umefungwa fundo la kamba za viatu, na anayefunga hivyo pale ni mmoja tu. Asubuhi ambazo mgombea angekuwa anaandika makala zake, alikuwa kwenye maua ya wenzake. Makala za hao wenzake zipo. Kamati hii imeshawapongeza kwazo."

Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Sikuwahi kuyafikiria yale kama jambo. Ua limefika siku yake, mwenyewe yuko wodini, utaliacha? Hata mimi waliwahi kunisaidia kubeba ndoo.

Nilidhani amemaliza. Alikuwa anatafuta miwani yake ambayo ilikuwa usoni.

"Mwaka niliompoteza mtoto wangu," alisema, na sauti yake haikubadilika, ila ilipungua, "nilikaa nyumbani msimu mzima. Sikutaka kuona kitu kinachoota. Niliporudi nilikuta jaribio langu limekamilika, na ndilo lililonipa cheo nilicho nacho. Sikumwambia asante kwa sababu sikujua ipimwe vipi. Hilo ni pungufu langu, si lake. La kwake, naomba liandikwe hivi: kipimo chetu kinahesabu alichoandika mtu. Hakihesabu kilichobaki hai kwa sababu ya mikono yake. Basi pungufu ni la kipimo."

Akaketi. Hakutoa hitimisho, yeye ambaye hata salamu zake zina hitimisho.

Machozi yalikuwa yananichuruzika, na sikuyafuta kwa sababu sikukumbuka kwamba nina mikono. Msimu ule nilikuwa nikitoka kwenye maua yake napita kwake. Tulikaa kwenye mkeka, yeye anatazama ukuta na mimi nachambua mboga, hakuna anayesema. Wala hakuwahi kuniuliza habari za nyumba ya vioo. Miaka yote hii nilidhani hakujua. Nilimpenda wifi pale kwenye kile kiti kiasi cha kuogopa, na nikaona aibu kwa yale niliyomtamkia sebuleni kwangu.

"Mgombea," alisema Mwenyekiti, "unapinga lolote lililosemwa?"

Wifi alikuwa anatazama viatu vyake. Alikuwa anasubiri nimwangushe, kama nilivyoahidi, na angeliona ni haki.

"Sipingi," nilisema. Sauti ilikatika, Mwenyekiti akaniomba nirudie. "Sipingi hata moja. Hata lile la hasira."

Utaratibu unaruhusu neno moja tu. Katibu aliinua kalamu, akamtazama Mwenyekiti, Mwenyekiti akatazama dirishani, yakapita.

Nje kwenye korido wifi alinisubiri karibu na ngazi, kiatu kimoja amekivua. Alininyooshea ile karatasi nione kwamba alifuta. Akasema ulimi ulikwenda wenyewe, na ukishatamka kichwa cha habari huwezi kukiacha bila maelezo chini yake. Kisha akaniuliza, akiwa amesimama kwa mguu mmoja kama korongo:

"Bado ni wifi?"

Nilimkumbatia. Akakauka kama ubao, kawaida yake akikumbatiwa. Halafu mkono wake mmoja ukapanda mgongoni kwangu ukapigapiga kidogo, kama mtu anayejaribu kama tikiti limeiva.

Nilipandishwa. Haikuwa kwa sauti moja, nilikuja kusikia. Mzee mmoja alisema kuchavusha maua ya watu si utafiti, na Mwenyekiti akamuuliza zile safari zake zote nani huwa anamwagilia mahindi yake. Wakamaliza. Idara ya maharage ikabaki na nyumba yake ya vioo, na mabinti wakabaki na mimi, jambo ambalo kwa hasira zangu sijui kama ni heri kwao. Picha yangu ilipotundikwa ukumbini, mmoja wao alisimama mbele yake akasema hatimaye ukuta umevaa hereni.

Tangu hapo nimekuwa msemaji. Wanakuja mmoja mmoja mpaka kutoka idara nyingine, wanawake ambao kazi zao zinajulikana na mimea yao tu. Kabla ya kumsemea mtu naingia kwanza kwenye nyumba yake ya vioo au maabara yake, nafungua kila kabati, nauliza maswali mpaka anakereka. Hilo nimejifunza kwa Mizani. Kusifu nimejifunza kwa Asali, na nikivichanganya viwili hivyo kamati haisinzii.

Wifi alichelewa kuja. Nilingoja, nikajua nikisubiri sana atastaafu huku namwangalia, ndipo nikamjazia jina lake mimi mwenyewe kwenye waombaji. Hakubisha. Jumamosi alikuja nyumbani nimsomee nilichoandaa. Akala maharage kwanza. Chumvi ilikuwepo.

Nilisimama katikati ya sebule pale aliposimama yeye, na nilimsifu mpaka mume wangu barazani akaacha kugonga. Nilieleza ugonjwa wa majani ambao ungewalaza njaa nusu ya wakulima wetu kama si macho ya mwanamke huyu. Wifi alisikiliza amekunja uso kama anakunywa dawa. Nilipofika mwisho akasema kuna sehemu nimeisahau.

"Sijaisahau," nilimwambia, nikageuza ukurasa. "Mapungufu. Mgombea hajui kusifu. Amewahi kumsifu mtu mara moja tu maishani mwake, kwa makosa, na mtu huyo anaishi kwa sifa hizo mpaka leo."

Wifi aliweka kikombe chini. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo.

"Futa hapo uliposema kwa makosa," alisema.

Nikafuta.